Sarufi ya Matangazo

Wengi wetu darasani huuliza: hivi viambishi na kauli ya kutendwa vitanifaa nini mtihani ukiisha? Walimu wetu wamelizoea swali hilo. Mimi jibu langu nililipata redioni. Likizo ya Agosti nilichukua daftari kuukuu nikaanza kunakili matangazo ya biashara neno kwa neno, kisha nikayachambua kama tunavyochambua sentensi ubaoni. Hebu tuyatazame.

Chukua neno "hadi". "Punguzo la hadi asilimia 50!" Ukisikiliza mbio mbio, kinachobaki kichwani ni 50. Kumbe "hadi" ni mpaka wa juu tu. Duka lililopunguza bei ya kitu kimoja kwa nusu, na vingine mia kwa asilimia 2, halijasema uongo hata kidogo.

Halafu kuna kutendwa. "Imethibitishwa kuwa sabuni hii huua viini." Imethibitishwa na nani? Tumefundishwa kwamba baada ya kitenzi kama hicho twaweza kutaja mtendaji kwa "na". Katika matangazo mtendaji hutoweka kama moshi.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kile kiambishi "ji". Jishindie! Jipatie! Jinyakulie gari jipya! Ati ushindi ni kazi ya mikono yako mwenyewe. Mtu anapojinyoa, wembe uko mkononi mwake. Je, anapo"jishindia", wembe uko kwa nani? Katika bahati nasibu ya kuchagua nambari 6 kati ya 49, tiketi moja ina nafasi moja kati ya 13,983,816 ya kupata zote sita. Ukinunua tiketi moja kila siku, kuifikia idadi hiyo kutakuchukua zaidi ya miaka 38,000. Hayo hayatangazwi. Mwishoni utasikia sauti nyingine ikikimbia, "vigezo na masharti kuzingatiwa", kwa kasi ambayo hata mkariri hodari wa ngonjera hapa shuleni haiwezi.

Sisemi kila tangazo ni hila. Tangazo la chanjo ya polio nalo linashawishi, tena linagusa huruma ya mzazi. Ila aghalabu linataja wizara, tarehe na umri wa watoto wanaohusika. Mtendaji yuko, unaweza kumwuliza.

Tena si maneno pekee yanayoshawishi. Nenda steji ya matatu. "Wawili twende! Wawili!" Unachungulia, kweli gari limejaa. Unapanda. Mara vijana wanne wanashuka wakicheka na dereva anazima injini. Wale kazi yao ilikuwa kukalia viti. Hukuamini mdomo wa makanga, uliamini vile vichwa ulivyoviona dirishani.

Ujanja huo huo ndio ulioliza Wakenya katika miradi ya piramidi iliyoporomoka mwaka 2007. Waliotangulia walilipwa kweli, kwa pesa za waliofuata. Wakaenda kutoa ushuhuda kwa majirani, hata makanisani. Walichosema kilikuwa kweli, walipokea. Wasichosema ni pesa zilitoka wapi. Jopo la serikali lililoundwa mwaka 2009 lilikuta kwamba zaidi ya shilingi bilioni 8 zilipotea.

Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 K.K., aliandika kwamba msemaji hushawishi kwa njia tatu: sifa zake mwenyewe, hisia za msikilizaji, na hoja. Pima piramidi kwa kipimo hicho. Sifa zilikuwepo, maana aliyesema alikuwa jirani mwaminifu. Hisia zilikuwepo tele: nani hataki karo ilipwe? Hoja ndiyo iliyokosekana, na swali la kuitafuta ni fupi mno: faida hii inazalishwa na nini?

Chama chetu kimetenga sehemu ya ubao wa matangazo kwa kazi hii. Lete tangazo lolote, la gazeti au la redio, upigie kitenzi mstari na uandike mtendaji ni nani. Usipomwona, acha nafasi wazi. Mpaka sasa nimebandika matangazo kumi na moja, na nafasi saba ziko wazi.