Sura ya Nne: Tezi Moja, Rangi Mbili

Machinjio ya kisasa ya Dodoma yapo Kizota, na katika machinjio yoyote kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya mkaguzi wa nyama. Ng'ombe aliyeingia kwa miguu yake, mnono, anaweza kukutwa na tezi iliyovimba karibu na mapafu. Mkaguzi akiipasua, kisu kinakwaruza kama kimegusa mchanga, na ndani mna usaha mgumu wa manjano. Anashuku kifua kikuu. Shaka hiyo inatosha kuizuia nyama. Kuuthibitisha ugonjwa ni kazi ya maabara.

Maabara kipande cha tezi hulowekwa kwenye fomalini, hupachikwa ndani ya nta, kisha hukatwa utando wa unene wa maikromita 3 hadi 5. Ukiutazama hivyo hivyo kwa hadubini, huoni la maana, kwa sababu tishu karibu yote hupitisha mwanga kama kioo. Lazima itiwe rangi.

Huanza hematoksilini na eosini. Hematoksilini hutoka kwenye gogo la mti wa Amerika ya Kati, ambao zamani ulitumika kutia nguo rangi. Ikichanganywa na chumvi ya alumini, hushika viini vya seli na kuvifanya vya bluu iliyoiva. Eosini, iliyoanza kutengenezwa Ujerumani miaka ya 1870, huipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi. Hapo ramani nzima inajitokeza: katikati tishu iliyokufa, chembe za chokaa ndizo zilizokwaruza kisu, na kando yake seli kubwa zenye viini vingi vilivyojipanga nusu duara.

Ramani hiyo haikuonyeshi bakteria wa kifua kikuu mwenyewe. Robert Koch alimtangaza tarehe 24 Machi 1882, na mbinu ya kumtia rangi ikaboreshwa muda mfupi baadaye na Ziehl na Neelsen, Wajerumani wawili ambao majina yao bado yanatajwa maabara kila siku. Ukuta wa bakteria huyu una mafuta mazito kama nta. Fuksini nyekundu humwagwa juu ya slaidi, ikapashwa moto mpaka ifuke mvuke, ndipo rangi ipenye. Kisha huja spiriti yenye asidi, ambayo hung'oa wekundu kila mahali isipokuwa ndani ya ukuta ule. Mwishoni hutiwa bluu ya methilini. Anayetafutwa hubaki kijiti chekundu kwenye uwanja wa bluu.

Zingatia hili: katika tezi ya ng'ombe vijiti hivyo mara nyingi ni vichache mno. Unaweza kukagua slaidi nzima usikione hata kimoja, na ng'ombe akawa mgonjwa kweli. Kwa hiyo napinga kabisa tabia ya kufunga jalada kwa sababu wekundu haukuonekana, hali ramani ya waridi inapiga kelele.

Tena, kijiti chekundu hakisemi ni bakteria wa ng'ombe au wa binadamu. Hilo hujulikana kwa kumwotesha au kupima vinasaba vyake, na fomalini humuua, hawezi tena kuota. Kwa hiyo, mkaguzi, kata vipande viwili: kimoja kwenye fomalini, cha pili kibichi kwenye chombo safi juu ya barafu, na uandike kwenye fomu tezi ilitoka wapi mwilini.