Njozi ya Walibora Ilianzia Kitale

Mpwa wangu alipokuja kututembelea hapa Columbus, Ohio, alibeba nakala ya Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine. Jalada lilishikiliwa na selotepu, na pembezoni mwa kila ukurasa palikuwa na maandishi ya penseli: "ubaguzi, maudhui", "kinaya", "MUHIMU". Nikamuuliza hadithi yenye jina la kitabu aliionaje. "Khocha (mjomba), hilo lilikuwa swali la alama ishirini," akanijibu, akaendelea kumega ugali.

Jibu hilo limenikaa moyoni. Vijana waliozaliwa huku huniuliza Ken Walibora, mwandishi wa hadithi hiyo, alikuwa nani hasa, na kwa nini watu wa Bungoma na Kitale kule Kenya humtaja kana kwamba walikula naye chungu kimoja. Basi na tuanzie kwenye jina. Ukoo wake ni Waliaula, na Mswahili akisema jambo hili ni aula, maana yake ni bora. Waliaula, Walibora. Alizaliwa Bungoma, akalelewa upande wa Cherang'any, Trans Nzoia, mbali na bahari. Bado wapo wanaoshangaa kwamba Kiswahili cha vitabu vyake kilitoka kwenye mashamba ya mahindi. Mimi mshangao huo hunikera kidogo.

Pale Bungoma hakuna mtoto anayekua bila hadithi za ajabu. Yuko linani, zimwi la Kibukusu, anayewala watu mpaka apatikane mjanja wa kumshinda. Yuko Mango, aliyelivizia joka pangoni na kulikata kichwa, na kwa ushujaa huo, wazee wanasema, tohara ikaingia kwa Wabukusu. Hadi leo, kila Agosti ya mwaka wa shufwa, vijana hupiga njuga wakialika watu kwenye sherehe hiyo.

Walibora hakuandika mazimwi. Njozi zake zilivaa nguo za kawaida. Katika Siku Njema (1996), Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba ambaye hamjui, na safari inamfikisha Kitale. Ukiuvua mkasa huo majina ya miji, unabaki na ngano: yatima, njia ndefu, na mzee mwenye siri. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) akabuni nchi nzima, Tomoko, na mtawala wake Mtemi Nasaba Bora anayekalia ardhi ya mzungu aliyeondoka. Aliyekulia Trans Nzoia, walikolima masetla na ambako hatimiliki bado ni kesi mahakamani, hahitaji ramani kuijua Tomoko.

Lakini njozi yake kubwa ilikuwa Amerika. Ndoto ya Amerika ilitoka 2001, kabla hajavuka bahari. Ni hadithi ya mvulana aliyeshikwa na hamu ya kwenda huko. Baadaye Walibora mwenyewe akaja hapa Ohio kusoma, akapata shahada ya uzamifu Ohio State, kisha akafundisha Wisconsin. Mwaka 2007, akiwa bado huku, ikatoka Damu Nyeusi, mkusanyiko aliouhariri pamoja na Said Ahmed Mohamed. Katika hadithi yake yenye jina la kitabu, Fikirini, mwanafunzi Mwafrika, anachoshwa na ubaguzi wa Wazungu. Anapokutana na Fiona, Mmarekani mweusi, anaona amepata ndugu wa damu. Fiona anampeleka kwao, na huko kaka yake anamtolea bastola na kumpora.

Visomeni vitabu hivyo viwili kwa mfululizo, kimoja cha usingizini na kimoja cha kushtuka usingizini. Nilipoisoma hadithi ya Fikirini mara ya kwanza nilikuwa kwenye basi la saa kumi na moja alfajiri, theluji imeganda dirishani, natoka kazini. Nilicheka kwa sauti, kisha nikanyamaza. Sikubaliani nayo yote. Nadhani inamwonea Fiona, ambaye hapewi nafasi ya kuwa kitu kingine isipokuwa mtego, na ndugu zetu weusi wa hapa wangekuwa na haki ya kununa wakiisoma. Ila ile haraka ya Fikirini ya kumwamini mtu kwa sababu ya ngozi tu, hiyo naijua.

Nyumbani mkusanyiko huo ulisomwa kwa namna nyingine. Uliwekwa kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, karatasi ya tatu ya fasihi, na maelfu ya watoto wakaujua kwa dondoo: nani anasema, anamwambia nani, wapi. Ulimpa Walibora wasomaji ambao duka la vitabu lisingempa kamwe. Pia uliwafanya wengi wafunge kitabu siku ya mwisho ya mtihani wasikifungue tena.

Katika riwaya zake, ushairi aliuacha uingie kwa mlango wa nyuma. Katika Siku Njema, mamake Kongowea ni mwimbaji wa taarabu, na nathari yenyewe imejaa methali. Alipogongwa na matatu akafariki jijini Nairobi Aprili 2020, washairi ndio waliomlilia kwa tungo, kwa kuwa korona iliwazuia watu kufika mazishini. Alizikwa Trans Nzoia.

Kwa hiyo, kijana uliyeniuliza, anza na Ndoto ya Amerika, kisha Damu Nyeusi. Na ukipata nakala yenye penseli pembezoni, usiyafute maandishi. Soma kwanza walichoambiwa waone, kisha uniandikie ulichokiona wewe.