Viungo Vilivyokatika Mtandaoni na Nafasi ya Tovuti za Kiswahili

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliyewahi kufuatilia marejeleo ya tasnifu kwenye tarakilishi anaufahamu ujumbe wa 404. Anwani ipo, imenakiliwa herufi kwa herufi, lakini ukurasa uliokusudiwa haupatikani. Makala hii inanuia kueleza jinsi kasoro hii inavyoweza kutumiwa kwa njia halali kuzipa tovuti zetu za Kiswahili nafasi zinayoistahili katika mitambo ya kutafutia habari. Njia yenyewe ni sahili kuieleza. Unatafuta ukurasa wa mtu mwingine wenye kiungo kisichofanya kazi, unaandaa maandishi yanayoweza kuliziba pengo hilo, kisha unamwarifu mwenye ukurasa na kumwomba akielekeze kiungo chake kwako. Ugumu umo katika utekelezaji, na humo ndimo tutakamokawia.

Yafaa kwanza tueleze ni kwa nini kiungo kina thamani. Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walichapisha makala kuhusu mtambo wa kutafutia waliouita Google. Kiini cha mtambo huo kilikuwa kipimo kilichoitwa PageRank. Kwa mujibu wa kipimo hiki, ukurasa hukadiriwa kwa kuangalia kurasa nyingine zinazouelekea, na kiungo kinachotoka katika ukurasa wenye hadhi huwa na uzito kuliko kile kitokacho katika ukurasa usiojulikana. Wazo hili si geni kwa wasomi, kwani ndiyo desturi yetu ya kunukuu: makala inayorejelewa na wataalamu wengi huchukuliwa kuwa na uzito. Vigezo vya Google vimeongezeka mno tangu wakati huo, ila viungo vingali miongoni mwavyo.

Hapa ndipo tovuti zetu zinapoumia. Chama cha wanafunzi kinaweza kuandaa maelezo mazuri kabisa kuhusu ngeli, yakasomwa na wanachama thelathini, kisha yakafifia kwa kuwa hakuna ukurasa wowote wa nje unaoyaelekea. Msomaji aliye mbali anapotafuta habari hiyo hiyo, hupelekwa kwenye kurasa ambazo mara nyingine zimetungwa na watu wasioijua lugha ila kwa kitabu cha watalii. Hatimaye yule asiyeijua lugha ndiye anayekuwa marejeleo.

Neno kuhusu istilahi

Kabla ya kuendelea, tutue kidogo kwenye istilahi yenyewe. Neno "kiungo" limekubalika kwa dhana hii, ijapokuwa katika wingi wake linaleta ucheshi, kwani viungo ni vya mwili, na ni vya pilau pia. Wapo wanaosema kiungo "kimevunjika", na wapo wanaokiita "kiungo mfu". Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, Kiswahili kinatupa upambanuzi bora zaidi ya huo. Mfupa huvunjika, kamba hukatika, lakini kiungo cha mwili aghalabu huteguka: kingalipo, ila kimetoka mahali pake. Upambanuzi huu una manufaa katika kazi tunayoizungumzia. Kuna ukurasa uliofutwa kabisa, na kiungo cha kuuendea kimekatika. Kuna pia ukurasa uliohamishiwa anwani nyingine ilhali kurasa zinazouelekea hazikurekebishwa. Kiungo hicho kimeteguka tu. Cha kwanza kinahitaji kitu kipya cha kuelekea. Cha pili kinahitaji kurudishwa mahali pake, na kujaribu kukinyakua ni utovu wa adabu.

Ukubwa wa tatizo

Ithibati ya kwamba viungo hukatika kwa wingi ipo. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew nchini Marekani kilitangaza kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mtandaoni mwaka 2013 hazikuweza kupatikana miaka kumi baadaye. Utafiti huo ulionyesha vilevile kwamba asilimia 54 ya kurasa za Wikipedia ulizozichunguza zilikuwa na angaa kiungo kimoja katika marejeleo kisichofika popote. Wanasheria nao hawakusalimika. Jonathan Zittrain na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walibainisha kwamba takribani nusu ya viungo vilivyotajwa katika maamuzi ya Mahakama ya Juu ya Marekani havikuwa tena vikifikisha msomaji kwenye habari iliyokusudiwa. Ikiwa mahakama yenye maktaba na wakutubi wake imefikwa na hayo, seuze ukurasa wa mwalimu mmoja.

Katika taaluma yetu mifano haiko mbali. Mradi wa kamusi ulioanzishwa na Martin Benjamin mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale ulikuwa miongoni mwa hazina za kwanza za Kiswahili mtandaoni, na kurasa za walimu wa Kiswahili ughaibuni ziliielekea anwani yake ya Yale. Baadaye mradi uliondoka Yale. Jarida la Swahili Forum nalo kwa miaka kadhaa lilisomwa kupitia tovuti ya Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, kabla ya kuhamia Leipzig, na anwani ya Mainz ingali imechapwa katika marejeleo ya tasnifu nyingi. Hivi ni viungo vilivyoteguka. Vile vilivyokatika kabisa ni kama vya kurasa za GeoCities, huduma iliyowapa watu binafsi tovuti za bure hadi ilipofungwa mwezi Oktoba mwaka 2009 na kuondoka na mamilioni ya kurasa.

Jinsi ya kutekeleza

Hatua ya kwanza ni kutafuta kurasa za orodha, yaani kurasa ambazo idara za lugha, maktaba na walimu huzitumia kukusanya viungo vya kuwafaa wanafunzi wao. Kurasa hizi ndizo zinazochakaa upesi, kwani hutengenezwa kwa juhudi za mtu mmoja, naye akihama hakuna anayezitazama. Zitafutwe kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine pia, kwa sababu idara nyingi zinazofundisha Kiswahili Ulaya na Marekani huandika orodha zao kwa lugha za huko.

Ukishaupata ukurasa, vichunguze viungo vyake. Ikiwa ni ishirini, vibofye kimoja kimoja kwa mkono. Ikiwa ni mia mbili, kuna programu za bure za kukagua viungo, ikiwemo ile ya shirika la W3C linaloweka viwango vya wavuti. Hata hivyo, programu hudanganyika. Seva nyingine husema kwamba ukurasa upo ilhali kinachoonekana ni maneno ya kuomba radhi tu. Kuna pia jambo baya zaidi ambalo programu haliwezi kuliona: jina la tovuti ambalo mwenyewe hakulilipia hununuliwa na mtu mwingine, na kiungo kilichokuwa cha methali za Waswahili kikawa sasa cha mchezo wa kamari. Kwa programu kiungo hicho ni kizima. Mwenye ukurasa ukimjulisha jambo hili, atakushukuru kuliko unavyotarajia.

Hatua ya pili, ambayo wengi huiruka, ni kujua kilichokuwepo. Hifadhi ya Internet Archive, iliyoasisiwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ina huduma iitwayo Wayback Machine ambayo ilifunguliwa kwa umma mwaka 2001. Ukiiandikia anwani iliyokufa, mara nyingi itakuonyesha ukurasa jinsi ulivyokuwa. Usome kwa makini. Ulikuwa wa nani? Uliandikwa kwa ajili ya msomaji gani? Uliahidi nini? Hapo ndipo utakapojua kama una kitu cha kuweka mahali pake au huna.

Tuchukue mfano wa ngeli. Tuseme ukurasa uliopotea ulikuwa jedwali la ngeli lililotumiwa na wanafunzi wa chuo fulani Ulaya. Yamkini jedwali hilo lilifuata mkabala wa kimofolojia, ambapo ngeli hupewa nambari: 1/2, 3/4, 7/8 na kadhalika. Mwanafunzi wa Kenya amelelewa kwa mkabala wa upatanisho wa kisarufi: A-WA, U-I, KI-VI. Akiandaa jedwali la A-WA pekee na kulipeleka huko, mwalimu hataliweka, na atakuwa na haki. Katika mkabala wa kwanza "kiboko" yumo katika ngeli ya 7 kwa sababu ya kiambishi chake. Katika wa pili yumo A-WA kwa kuwa tunasema kiboko amelala. Jedwali litakalofaa ni lile linaloiweka mikabala yote miwili sambamba na kueleza zinapoachana. Bila shaka kazi hiyo inachukua wiki, wala si jioni moja, lakini ndiyo inayokupa haki ya kuomba kiungo. Fauka ya hayo, haitakufaa mara moja tu, kwani ukurasa uliopotea huenda ulielekewa na orodha nyingine kumi. Zipo huduma za kibiashara zinazoorodhesha kurasa zote zinazoielekea anwani fulani, na baadhi yake huruhusu matumizi machache bila malipo.

Ieleweke kwamba kuona maandishi ya kale katika hifadhi si ruhusa ya kuyanakili. Mwandishi wake angali na haki juu yake hata kama tovuti imekufa, na kuyabandika kwenye tovuti yako ni wizi wa kitaaluma ule ule tunaoonywa dhidi yake katika tasnifu. Unachochukua ni haja ya msomaji. Maneno na mifano iwe yako.

Hatua ya tatu ni barua. Watu wengi huharibu kazi hapa, kwa kuandika barua moja na kuituma kwa watu mia. Msimamizi wa tovuti huitambua barua ya namna hiyo kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Barua inayofaa ni fupi, hutaja ukurasa wake kwa jina, huonyesha kiungo kibovu kiko wapi hasa, na huweka ombi mwishoni. Kwa mfano:

"Mheshimiwa Daktari, pokea salamu. Sisi ni wanafunzi wa Kiswahili na tumekuwa tukiitumia orodha yako ya vifaa vya sarufi. Tumeona kwamba kiungo cha nne chini ya kichwa 'Ngeli' hakifiki tena. Ukurasa huo ulifutwa. Kiungo cha saba nacho kimehamia anwani mpya, ambayo tumeiambatisha hapa. Kuhusu kile cha nne, tumeandaa jedwali linalolinganisha ngeli za nambari na zile za upatanisho. Ukiliona linafaa wanafunzi wako, tutafurahi ukiliweka hapo. Tungependa pia kupokea masahihisho yako. Wako watiifu."

Msomaji atatambua kwamba barua hii imetoa zaidi ya ilivyoomba. Kiungo cha saba hakituhusu, lakini tumekitengeneza. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya majuma mawili, kisha umwache. Wengi hawatajibu, na hilo lisikuvunje moyo, kwani kiungo kimoja kutoka idara ya lugha ya chuo kikuu kina uzito kuliko hamsini kutoka kurasa zisizosomwa.

Kuna mahali pawili pa kuepukwa. Pa kwanza ni soko la viungo. Google inakataza kununua na kuuza viungo kwa nia ya kupanda ngazi, na mabadiliko yake ya Aprili 2012 yaliyopewa jina la Penguin yalizishusha tovuti nyingi zilizojitajirisha kwa njia hiyo. Mahali pa pili ni Wikipedia. Huko viungo vilivyokatika ni vingi, pamoja na katika Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, na kishawishi cha kuweka vyetu ni kikubwa. Lakini tangu mwaka 2007 Wikipedia huvitia viungo vyake vya nje alama inayoiambia mitambo ya kutafutia isivihesabu, na kanuni zake haziruhusu mtu kujitangaza. Lililo la heshima huko ni kukielekeza kiungo kilichokufa kwenye nakala yake iliyohifadhiwa, ili madai ya makala yaendelee kuwa na ushahidi.

Limesalia jambo la nyumbani. Tim Berners-Lee, mwasisi wa wavuti, aliandika mwaka 1998 akisisitiza kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Vyama vyetu hubadilisha viongozi mara kwa mara. Mwanafunzi aliyeisajili tovuti kwa jina lake na kuilipia kwa pesa zake anahitimu, nywila anaondoka nayo, na baada ya mwaka mmoja jina la tovuti linarudi sokoni. Viungo vyote vilivyopatikana kwa barua za adabu na majedwali ya wiki nzima vinakuwa mali ya mnunuzi. Ikibidi tovuti ihamishwe, seva iwekewe agizo la kudumu la kumpeleka msomaji kwenye anwani mpya, lile linalojulikana kwa nambari 301. Nywila, tarehe ya kulipia jina na jina la anayelipia viandikwe katika hati ya makabidhiano ya uongozi, pamoja na mhuri na kitabu cha risiti.