Fahamu: Chunusi husababishwa na nini?

Chunusi haziletwi na uchafu. Ndiyo maana kusugua uso kwa dodoki hakuziondoi, huzizidisha tu.

Kila tundu la kinyweleo lina tezi ndogo ya mafuta. Kijana anapobalehe, homoni za androjeni huichochea tezi hiyo, nayo humwaga mafuta mengi. Yakichanganyika na seli zilizokufa, tundu huziba. Likibaki wazi kwa juu, kizibo hukutana na hewa na kugeuka cheusi. Weusi huo si taka. Tundu likifunikwa kwa juu, bakteria huzaliana ndani, ngozi ikavimba, ikauma na kutunga usaha.

Urithi nao una nafasi yake, na wanawake wengi hutokwa na chunusi siku chache kabla ya hedhi. Mafuta mazito ya nywele huleta vipele kwenye paji la uso. Mkorogo wenye steroidi, unaopakwa ili kung’arisha uso, unaweza kuujaza chunusi.

Usizitumbue: kwenye ngozi nyeusi, alama huweza kukaa miezi. Nawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali. Zikianza kuacha makovu, muone daktari wa ngozi mapema.