Gari Lililotumika Likaguliwe Kama Silaha

Akiba aliyoiweka askari kwa miaka mingi huweza kupotea kwa siku moja, iwapo atanunua gari kwa kuitazama rangi yake. Jambo hilo lamhusu hasa yule ambaye familia yake iko Nkanka, katika Wilaya ya Rusizi. Ziwa Kivu lililo karibu na hapo liko kwenye kimo cha meta 1,460 hivi. Nayo barabara kuu ya kwenda Kigali hupanda katika Msitu wa Nyungwe hadi kupita meta 2,300, kisha huteremka. Mlima haudanganywi na rangi mpya.

Miongoni mwa magari ya familia yaliyokwisha kutumika, Toyota RAV4 lina sifa ya uvumilivu tangu lilipotolewa mwaka 1994. Sifa hiyo ni ya haki, lakini kila toleo lina ugonjwa wake. Toleo la kwanza lina mkanda wa taimingi ubadilishwao kila kilometa 100,000. Asiyeoneshwa hati ya kubadilishwa kwake na auhesabu kuwa umekwisha. Katika baadhi ya magari ya otomatiki ya 2001 hadi 2003, kompyuta ya injini huharibika na gia zikaingia kwa kishindo. Aendeleaye kuliendesha huiua giaboksi yenyewe. Baadhi ya yale ya 2006 hadi 2008, yenye injini ya lita 2.4, hula mafuta ya injini kwa sababu ya ringi za pistoni.

Basi, ndugu askari, lifikie gari asubuhi, injini ikingali baridi. Pima mafuta ya injini. Fungua rejeta, utando wa mafuta juu ya maji ni dalili mbaya. Washa, utazame moshi: wa buluu ni mafuta yanayoungua. Kisha lipandishe mlimani, usikilize gia.

Breki ndizo zibebazo roho za watoto. Mafuta yake hunyonya unyevu, na katika mteremko mrefu huchemka, pedali ikazama bure. Yabadilishwe kila miaka miwili, na mteremko ushukwe kwa gia ndogo.

Mwisho, mpeleke fundi wako mwenyewe. Muuzaji akataaye gari lake lisikaguliwe na fundi wa mnunuzi amekwisha kulijibu swali.