Baa ya Munich ambamo hata watoto huketi

MTU akikualika baa jijini Nairobi, unajua mapema utakayoyakuta: mwanga hafifu, muziki wa kupasua masikio, kaunta iliyozingirwa kwa vyuma na kina baba waliowaacha watoto nyumbani. Nami nilitarajia hayo hayo jioni moja mjini Munich, kusini mwa Ujerumani, mwenyeji wangu aliponiambia twende Hofbräuhaus.

"Usiogope dada, huko hata nyanya huenda," alinihakikishia. Yeye ni kijana kutoka Kisii anayesomea uhandisi mjini humo. Hanywi pombe, na ndiyo sababu nilishangaa kwamba ni yeye aliyetoa wazo hilo.

Tulifika saa moja jioni. Ukumbi wa chini, ambao hukalisha watu wapatao 1,000, ulikuwa umefurika. Dari yake imepindwa kama ya kanisa na kurembwa kwa michoro. Meza ni ndefu na za mbao nzito, na hakuna anayetengewa kiti chake peke yake. Ukiona nafasi unauliza kama iko wazi, unaketi na watu usiowajua. Katikati, wanaume waliovalia kaptura za ngozi walikuwa wakipuliza tarumbeta. Kila baada ya muda walipiga wimbo mfupi wa kutakiana heri, na ukumbi mzima ukainua bilauri juu.

Bilauri zenyewe ni jambo la kushangaza. Kipimo cha kawaida ni lita moja, na bilauri iliyojaa ina uzito wa zaidi ya kilo mbili. Kina mama wanaohudumu huzibeba nyingi kwa mpigo, wakizikumbatia kifuani, huku wakipenya kati ya benchi bila kumwaga tone. Mimi niliinua yangu kwa mikono miwili kama mtoto anayekunywa uji.

Lakini kabla ya kuinua chochote nilikuwa nimejitia aibu. Niliona meza tupu pembeni nikaikimbilia, nisitambue kibao kilichokuwa juu yake. Kumbe hiyo ni meza ya wateja wa kudumu, inayoitwa Stammtisch. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya alikuja, akatutazama, akaenda kwenye kabati la vyuma ukutani. Alifungua kufuli, akatoa bilauri yake mwenyewe. Kabati hizo zina vijisanduku vya wateja wa miaka mingi, na kupata kimoja si rahisi. Nilisimama kuomba radhi. Mzee alicheka, akatusogezea benchi la meza ya jirani.

Mahali hapa pana historia ndefu. Kiwanda cha bia kilianzishwa mwaka wa 1589 na Mtemi Wilhelm wa Tano, aliyechoka kulipia bia ghali iliyotoka mji wa Einbeck, kaskazini. Raia wa kawaida waliruhusiwa kunywa humo kuanzia 1828. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mabomu yaliliharibu vibaya jumba hilo, na ukarabati ulikamilika 1958. Si yote ya kujivunia. Ni katika ukumbi wa ghorofani ambapo Adolf Hitler, Februari 24, 1920, alitangaza sera 25 za chama chake mbele ya umati wa watu wapatao 2,000. Mwenyeji wangu alinionyesha ngazi za kwendea huko, kisha tukarudi kwenye soseji zetu.

Kwenye meza tuliyosogezewa kulikuwa na familia: baba, mama, nyanya na wavulana wawili. Mkubwa alikuwa na umri wa miaka minane hivi. Watoto walikunywa maji ya tufaha yaliyochanganywa na soda, wakimega mkate mkubwa uliosokotwa kama kamba. Baba alikuwa na lita yake moja, na ilimtosha kwa zaidi ya saa nzima. Alikula, alimfutia mdogo mdomo, akawaeleza jambo lililowafanya wacheke.

Nilishindwa kula. Nilikuwa na umri kama wa yule mkubwa wakati mama alipokuwa akinituma, kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nikamwite baba kabla mshahara haujakwisha. Nilisimama mlangoni pa baa kwa sababu mtoto hakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Mhudumu aliingia na ujumbe, akatoka na noti ya shilingi 50. Baba mwenyewe hakutoka. Sijui hadi leo ndani ya baa ile kulikuwaje.

"Ujerumani kijana wa miaka 16 huuziwa bia," mwenyeji wangu alisema nilipomsimulia. Kwetu, sheria ya vileo ya 2010, ile ya Mututho, haimruhusu aliye chini ya miaka 18 hata kuingia panapouzwa pombe. "Lakini usidanganyike dada. Hata hapa wako waliopotea. Jirani yangu hunywa peke yake chumbani, na hakuna bendi."

Sikumbishia. Nyuma yetu kundi la vijana watalii lilikuwa limepanda juu ya benchi, wakiimba wasichokijua.

Karibu saa tatu mtoto mdogo alianza kusinzia. Baba yake alikuwa ameagiza bilauri ya pili na kuifikisha nusu. Aliitazama, akamtazama mtoto, akaita mhudumu na kulipa. Alimbeba mwanawe begani, nyanya akachukua koti, wakatuaga kwa kupiga ngumi mezani kama ilivyo desturi yao. Bia nusu lita ilibaki pale, povu likizidi kushuka, mpaka mhudumu alipokuja kuiondoa.