Saa ya Ibada na Saa ya Zamu



Neno letu la leo latoka Matendo ya Mitume, sura ya 16, mstari wa 13 hadi 15. Paulo alipofika Filipi hakungoja watu wamfuate. Siku ya sabato alitoka nje ya lango la mji, akaenda kando ya mto walipokutana wanawake kuomba, akaketi, akasema nao. Mmoja wao alikuwa Lidia, mwuza nguo za zambarau. Bwana alimfungua moyo, yeye na nyumba yake wakabatizwa.

Sisi nasi tuna mto, na tuna wanawake wa kazi ya nguo. Pale Athi River, kwenye Barabara ya Mombasa, kuna viwanda vya EPZ, vilivyotokana na sheria ya mwaka 1990. Mwaka 2000 Marekani ilifungulia nguo za Afrika mlango bila ushuru, na maelfu wakaja kushona. Wengi ni wanawake waliowaacha wazazi mashambani, wakapanga chumba Mlolongo, Kitengela au Athi River yenyewe. Oda ikiwa ya haraka, hata Jumapili yaweza kuwa siku ya kazi.

Basi twaona viti vitupu kanisani, twasema, "Imani yao imepoa." Ndugu, tusihukumu upesi. Aliyekesha penye cherehani atawezaje kuketi ibadani saa nne asisinzie? Tena yuko aliyetuma mshahara wote nyumbani. Hana sadaka, naye aona haya kapu likipita mbele yake.

Tukumbuke kwamba katika dola ya Rumi Jumapili haikuwa siku ya mapumziko mpaka Kaisari Konstantino alipoamuru hivyo mwaka 321. Kabla ya hapo Wakristo walikuwa na kazi zao. Yapata mwaka 112 liwali Pliny alimwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko. Hawakuacha kukusanyika, walitafuta saa waliyoiweza.

Tufanyeje basi? Kwanza, wazee wa kanisa waulize zamu za watu, kisha wapange ibada ya pili, alfajiri au jioni. Pili, kila mtaa uwe na daftari la majina. Mtu akikosa Jumapili mbili, atembelewe bila kukaripiwa. Tatu, mgeni apewe chai na rafiki kabla ya kuombwa mchango. Akipendwa, atarudi na mwenzake wa mashine ya pili, kama Lidia alivyowaleta watu wa nyumba yake.

Jumapili hii, ukiisha kuwahesabu waliokuja, tafuta jina la mmoja asiyekuja, ukamwone.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewatafuta watu penye kazi zao, kando ya bahari na mezani pa ushuru, utupe miguu ya kuwaendea wenzetu waliochoka. Amina.